"Ahem": Neno Lisilo Neno



Neno nililotakwa kulieleza jioni hii ni dogo, wala si neno hasa: ni kujikohoza tu. Waingereza huliandika "ahem". Sisi tuliojifunza Kiingereza vitabuni twaweza kulitamka herufi kwa herufi, nasi twakosa. Maana maandishi hayo ni mfano tu wa sauti ya mtu asafishaye koo yake.

Matumizi yake ni matatu. Kwanza, msemaji hujikohoza ili watu wanyamaze wamsikilize. Pili, mtu aliyewakuta wenzake wamezama katika mazungumzo hujulisha kwamba yupo, kama sisi tupigavyo hodi. Tatu, ni shaka au onyo: "Angalia usemalo." Hilo la tatu lina adabu kubwa, kwa kuwa humwonya mtu pasipo kumwaibisha, lakini asiyelifahamu huangamia.

Nalo ni la zamani. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Othello, uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1622, Othello amtoa nje Emilia, mtumishi wa mkewe, na kumwagiza amjulishe kwa kikohozi au kwa "hem" iwapo mtu yuaja.

Laiti ningalikumbuka hayo! Siku moja nalimsomea mkubwa wangu, Mwingereza, barua ya siri, habari ya karani mwenzetu aliyekusudiwa kupunguziwa cheo. Mkubwa akafanya "ahem". Nikadhani ana mafua. Nikamwambia, "Pole, Bwana," nikaendelea kusoma kwa sauti. Akafanya tena, kwa nguvu zaidi. Nilipoinua macho, yule karani alikuwa amesimama mlangoni, na majalada mikononi. Habari ya msiba wake aliipata kinywani mwangu. Hajanilaumu hata leo, na hilo ndilo linichomalo.

Ndugu zangu, ajabu ni kwamba nyumbani nalijua sana jambo hili. Baba akijikohoza mbele ya wageni, sisi watoto tulinyamaza mara moja. Lakini nilipoingia ofisini nalidhani Kiingereza ni maneno ya kamusi tu. Basi tusikilize na sauti zisizo maneno. Mwenye macho haambiwi tazama. Na mwenye masikio asingoje kukoholewa mara mbili.