Haki ya Aliyebebeshwa Mzigo

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na asili moja, akaharamisha dhulma baina yao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu mliohudhuria, nanyi ndugu mnaotusikiliza majumbani kwenu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mola wetu, hasa katika haki za watu. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mtu haifutiki mpaka irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe.

Tuko hapa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini. Wageni huja kutazama tembe alimokaa David Livingstone, ambaye hapa alingojea wapagazi hata akaondoka Agosti 1872. Humuulizia yeye, na ni halali yao. Mimi leo nataka niwaulizie wale aliokuwa akiwangojea.

Upagazi kwa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana alikwenda pwani na kurudi, akahesabiwa kuwa mtu mzima. Alichukua kiasi cha frasila mbili begani, na kabla ya kuuinua mzigo huo alijua ujira wake ni nguo ngapi za merikani, na posho yake ni nini. Akipunjwa aliuweka mzigo chini, na wenziwe wakauweka, na tajiri akabaki anatazama bidhaa zake njiani. Mvua zikikaribia alirudi kulima. Hayo ndiyo mapatano ya ajira ambayo sheria yetu inayatambua: kazi inajulikana, malipo yanajulikana, na pande zote mbili zimeridhika.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na miongoni mwa waliowafunga walikuwamo waliokuwa wakiswali kama sisi. Hilo tulikiri juu ya mimbari, tusingoje wengine watusemee.

Kisha ikaja dola. Mwaka 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Wananchi wakazoea bendera hiyo kwa kulazimishwa. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na ilidhaniwa kwamba sasa mabega ya watu yatapumzika. Haikupita miaka mingi, mwaka 1914 vita vya Wazungu vikawaka, na mzigo ukarudi begani, safari hii bila mapatano.

Septemba 19, 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini. Huko Ubelgiji Tombeur alikuja kupewa heshima ya kuitwa Baroni wa Tabora. Mwaka uliofuata Wabelgiji nao wakawakabidhi Waingereza mji. Hebu fikirini hali ya mkulima wa Unyanyembe: katika muda usiotimia miezi sita ameona mabwana watatu. Kila mmoja alimwambia kwamba yule aliyetangulia alikuwa dhalimu, na kila mmoja alitaka mtama wake, ng'ombe wake na mwanawe wa kiume. Majeshi yote yalikula chakula cha nchi, kwani hapakuwa na kingine. Na askari wenyewe wengi walikuwa Waafrika, wengine Waislamu, waliotumwa kumnyang'anya aliye mfano wao.

Seyidna Abubakar (R.A.) alipokuwa akiliaga jeshi lake aliwausia wasiue mwanamke wala mtoto wala mzee, wasikate mti wenye matunda, wala wasichinje mnyama wa watu ila kwa haja ya kula. Wasia huo ulitolewa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya vita hivyo. Katika vita hivyo aliyeusikiliza ni nani?

Mashariki yetu, katika nchi ya Ugogo ambayo misafara yote ilipita, nafaka na mifugo vilichukuliwa, wanaume wakachukuliwa, kisha mvua ikakosekana. Njaa ile ya baina ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kuwa katika kila watu watano wa wilaya ya Dodoma, mmoja alikufa. Mwaka 1918 ikaingia homa kubwa ya mafua, ikawakuta watu wamedhoofu.

Waingereza peke yao waliandika wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Waliokufa wanahesabiwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa jeshi hilo la wapagazi, nasi hununua nyanya pale tusikumbuke.

Ndugu Waislamu, msidhani ya kuwa mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, Java, Ufilipino na Burma, nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, Waholanzi na Wamarekani. Walitangaza kwamba wamekuja kuikomboa Asia. Wengi waliwaamini, wakiwamo Waislamu wa Java, kwa kuwa aliyeonewa na bwana mmoja hupenda kumsikiliza adui wa bwana huyo. Muda haukupita, mpunga wa Java ukachukuliwa, na vijana wakapelekwa kazi za shokoa walizoziita romusha. Katika reli iliyojengwa baina ya Siam na Burma, vibarua wa Kiasia waliokufa wanakadiriwa kuwa 90,000, na wafungwa wa vita wa mataifa shirika kiasi cha 12,000. Wengi wa hao wafungwa makaburi yao yana majina. Vibarua wale wamelala porini.

Na hayo ya mbali yalitufikia hapa hapa. Kamba za Ufilipino na mpira wa Malaya vilipoangukia mikononi mwa Wajapani, Waingereza walihitaji katani na mpira wa Tanganyika, wakarudisha kazi ya lazima. Maelfu ya wanaume walitolewa vijijini wakapelekwa mashambani. Wengine walivikwa sare, na mwaka 1944 wakapigana katika bonde la Kabaw huko Burma, katika nchi ambayo baba zao hawakupata kulisikia jina lake. Kibarua wa Java na manamba wa Tanganyika hawakujuana, lakini kilichowang'oa majumbani mwao kilikuwa kitu kimoja.

Sasa nakuja kwenye mas-ala yenyewe. Wapagazi wengi waliokufa baina ya 1914 na 1918 mishahara yao haikuwafikia warithi wao. Ilisemwa kwamba warithi hawajulikani. Katika sheria yetu, ujira wa maiti ambao hakuupokea ni deni, nalo huingia katika mirathi yake. Mjane ana fungu lake, watoto wana mafungu yao, mama ana fungu lake. Ikiwa warithi wametafutwa kwa dhati wasionekane, mali huingia Baitul-mali kwa manufaa ya umma, au hutolewa sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Liko jambo moja ambalo hakuna mwanachuoni aliyeliruhusu, nalo ni mdeni kulirudisha deni hilo mfukoni mwake. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemtumikisha mtu, akaipata kazi kamili, asimpe ujira wake.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, walio wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Kuomba radhi ni jambo jema, lakini radhi na deni ni milango miwili.

Basi nawaomba, hasa nyinyi vijana mlio na kalamu: katika kila ukoo wa hapa Kwihara, Itetemia na Ipuli, yuko babu wa babu aliyekwenda na hakurudi. Kawaulizeni wazee jina lake, na jina la baba yake, na jeshi lililomchukua likikumbukwa. Andikeni. Kisha leteni karatasi hizo msikitini, tupate kuwasomea dua kwa majina yao, kila mmoja kwa jina lake.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa njiani na mizigo ya wengine begani, walio wa kwetu, na wa Kongo, na wa Ugogo, na wa Java. Amin.