KITI CHA DEREVA KATIKA NJIA ZA MATOPE



Mtu anunuapo motokaa ya kupitia njia za matope, kwanza hutazama injini, kisha magurudumu, kisha bei. Kiti hukitazama mwisho, au asikitazame kabisa. Na akikitazama, hukibonyeza kwa kiganja, akiona ni laini husema ni kizuri. Mazungumzo haya yana neno moja la kueleza: katika matope, ulaini si sifa kuu ya kiti. Sifa yake kuu ni kumshika dereva mahali pake, ili mikono yake iwe huru kuongoza.

Mfano ni dereva apitaye katika udongo mweusi wa Mwea au wa uwanda wa Kano wakati wa mvua za masika. Udongo ule ukipata maji huvimba na kunata, na magari yaliyotangulia huacha mifuo mirefu. Gari huinama upande mmoja, kisha likatupwa ghafula upande wa pili. Ikiwa kiti ni kipana na chateleza, dereva huserereka, naye ili asianguke huushika usukani kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo penye hatari. Gurudumu la mbele likigonga jiwe au ukingo wa mfuo, usukani huweza kurudi kwa kishindo na kumvunja kidole gumba. Hata asipoumia, gari huenda litakako, maana mtu aning'iniaye katika usukani hawezi kuuongoza.

Na mtu asidhani kwamba matope ni jambo dogo. Katika mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, ulikuwako mwaka 1968 ambao magari 93 yaliondoka, na 7 tu yakafika mwisho.

Watengenezaji wa zamani walikijua kiti cha kazi. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na viti vyepesi visivyo na mapambo. Katika zile za kwanza, dereva aliinua mto wa kiti chake ili kutia petroli, kwa kuwa tangi lilikuwa chini yake. Mito ile iliondoka upesi, na gari likaweza kuoshwa ndani kwa maji. Lakini egemeo lilikuwa fupi, na pande zake hazikuwa na kitu cha kumzuia mtu. Basi achaguaye leo yampasa kutafuta faida ya viti vile bila hasara yake.

Kwanza, umbo. Kiti kiwe na kingo za kuzuia nyonga na mbavu, lakini zisiwe ndefu mno kama za magari ya mashindano. Dereva wa matope hushuka mara nyingi kupima kina cha maji au kufunga kamba, na kingo ndefu humkwaza, nazo huchakaa upesi. Mguu ukanyage klachi hadi mwisho bila mgongo kuondoka katika egemeo. Juu ya kichwa ibaki nafasi ya ngumi moja au zaidi, kwa sababu ya mirusho.

Pili, kifuniko. Kitambaa cha manyoya hunywa maji ya matope, kikavunda na kuota ukungu. Ngozi bandia hupanguswa mara moja kwa kitambaa kibichi, ila huteleza na huwa moto juani. Turubai nzito isiyopitisha maji haitelezi sana, tena hustahimili misuguano ya mchanga. Mishono na iwe pembeni, wala si katikati mahali pa kukalia, kwa maana maji hupenya katika matundu ya sindano.

Tatu, sponji. Fundi akatwe kipande kidogo, akitie majini na kukikamua. Kikinywa maji mengi, kiti kitakaa siku nyingi na unyevu, na chuma chake kitashika kutu. Sponji isiyonywa maji, kama ile ya viti vya mashua, hugharimu zaidi lakini hudumu.

Nne, ufungaji na ukanda. Kiti na ukanda havina budi kufungwa katika chuma kilichoimarishwa. Bati jembamba litang'oka siku ya ajali. Ukanda uliokwisha kutumika katika gari lililogongwa usinunuliwe kamwe. Matope yakiingia katika kifungio, ukanda uvutwe wote, uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe kivulini. Na gari likiwa la kisasa, huenda kitini mna mfuko wa hewa wa kuokoa maisha. Kifuniko kisiuzibe, wala nyaya zake zisiguswe ila na fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Tano, abiria wa nyuma. Mabenchi ya ubavuni hubeba watu wengi, lakini gari likisimama ghafula hutupa watu mmoja juu ya mwingine. Viti vielekeavyo mbele, kila kimoja na ukanda wake, ni bora, ijapokuwa watapungua wawili au watatu.

Mwisho, mara nyingi achaguaye kiti siye akikaliaye. Mwenye gari hulipa, na dereva hukaa juu yake kutwa, mwaka baada ya mwaka, akipokea kila mtikiso katika uti wa mgongo. Kwa hiyo, kabla fedha hazijatolewa, dereva na aitwe. Akae akiwa amevaa viatu vyake vya kazi na koti lake la mvua, aliendeshe gari katika njia mbovu muda wa saa moja, kisha aulizwe. Jibu lake lisikilizwe, maana ndiye atakayewapeleka wagonjwa na watoto wa shule siku mto utakapofurika.