Bonde Lililotegemea Makaa



Tumechagua kunena habari za bonde la Rhondda, lililo kusini ya nchi ya Wales.

Mwaka 1851 bonde hilo lilikuwa na watu wasiotimia 2,000, wengi wao wakulima na wachungaji wa kondoo. Kisha yakachimbwa makaa ya mawe, yaliyosifiwa sana na wenye meli. Ilipofika mwaka 1921 watu walizidi 162,000. Reli zilijengwa, maduka yakafunguliwa, makanisa na shule zikajaa. Mwaka 1913 mashimo ya Wales ya kusini yalitoa tani kama milioni 57, na nyingi zilipelekwa ng'ambo.

Lakini mambo yote yalisimama juu ya kazi moja. Ujira wa shimoni ulikuwa mwema, basi nani angejisumbua kujifunza kazi nyingine? Meli zilipoanza kutumia mafuta, na nchi nyingine zilipouza makaa yao, wanunuzi walipungua na mashimo yakafungwa.

Hapa twaomba mtusikilize sana. Aliyeumia hakuwa mchimbaji peke yake. Mwenye duka alikopesha hata akafilisika. Baraza la mji lilipokea kodi haba wakati ule ule maskini waombao msaada walipozidi. Mchimbaji aliyenunua nyumba kwa akiba yake hakuona wa kumwuzia. Vijana walihamia Slough, Oxford na Coventry, hata ilipofika mwaka 1931 bonde lilikuwa limepungukiwa na watu zaidi ya 20,000. Na karani aliyeandika hesabu za shimo, ambaye hakushika sururu maisha yake, alikosa kazi pamoja na mwenye sururu.

Serikali ilitunga sheria mwaka 1934 ili kuleta viwanda vingine, lakini dawa ilifika mgonjwa amekwisha dhoofu. Shimo la mwisho la Rhondda, la Maerdy, lilifungwa mwaka 1990.

Basi, Mabwana, tusiseme kwamba sisi makarani hayatuhusu. Kazi ya pili huanzishwa wakati ile ya kwanza ingali inalipa. Wahenga walinena, Akiba haiozi. Ni kweli, lakini watu wa Rhondda waliweka akiba yao katika nyumba, na nyumba hazikuuzika. Kwa hiyo yatupasa kuwawekea wana wetu akiba isiyobaki nyuma mtu ahamapo, nayo ni ufundi wa pili mikononi mwao.