Kumsomea Kijana wa Gredi ya Nane

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa Kaunti na wazazi, mjini Kianyaga)

Najua kahawa inawasubiri na mvua haiko mbali, kwa hivyo sitawaweka sana.

Wengi wenu mmezoea kuniona na kamera nyuma ya viongozi. Leo nimeombwa nizungumze kuhusu kusoma nyumbani, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo huku Gichugu, cucu alikaa jikoni karibu na mafiga, akaita "Ugai itha!" nasi tukajibu "Itha!" Hapo irimu akaanza kunyemelea wasichana njiani. Mchana cucu alikataa katakata kusimulia. Mchana ulikuwa wa kazi. Baba naye alileta nyama Jumamosi ikiwa imefungwa kwa gazeti, na kabla gazeti halijawashiwa moto alitusomea kilichosomeka. Mara nyingi mwisho wa habari ulikuwa umelowa damu, basi tukaubuni wenyewe. Mhariri wangu wa kwanza hakuipenda tabia hiyo.

Mwanangu alipozaliwa nilimsomea kila usiku. Alipofika Gredi ya Tatu akaweza kusoma peke yake, nikaacha. Nilijiambia kazi imeisha. Nikawa namnunulia vitabu, halafu narudi kwenye simu yangu.

Mwaka jana, akiwa Gredi ya Nane, stima ilipotea siku 3 mfululizo. Simu zote zikazima. Nikawasha mshumaa, nikamwambia anisomee ukurasa mmoja wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka wa 1996. Alikataa. Niliposisitiza akaanza, akakwama sentensi ya pili, akakwama tena, kisha akafunga kitabu. "Mama, mimi hujifanya tu," akasema. Miaka 5 nilikuwa nikiona kitabu mkononi mwake na kuamini anasoma. Mimi, niliyesomea uandishi wa habari!

Usiku uliofuata nilimwambia, "Leo nasoma mimi, wewe lala usikilize." Kijana mwenye sauti nzito, ndevu zimeanza kuchungulia! Alicheka, lakini hakuondoka. Nilisoma kama dakika 15. Stima iliporudi tuliendelea, simu zikiwa sebuleni. Juma la tatu ndipo aliposema, "Nipe, hapo nataka kusoma mimi." Tangu hapo tunapokezana. Akikosea neno simkatizi, isipokuwa akiniuliza.

Katika Siku Njema, kijana anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Usiku mmoja mwanangu aliuliza mbona huyo baba hakumtafuta yeye kwanza. Sisi nyumbani tuko wawili tu, na swali hilo nilikuwa nimelikwepa miaka mingi. Mezani, mkitazamana macho kwa macho, mtoto wa miaka 14 hawezi kukuuliza jambo kama hilo. Akiwa amelala, nawe umeinamia kitabu, atauliza. Nilimjibu ukweli kadiri nilivyoweza. Hatukusoma zaidi usiku ule.

Zamani wengi wetu tulienda bweni kidato cha kwanza, na mazungumzo na wazazi yakaishia hapo. Tangu mwaka wa 2023 sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iko ndani ya shule zetu za msingi, na watoto wengi wa umri huo wanalala nyumbani. Ni miaka 3 ya jioni ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Gredi ya 10 huenda ikawapeleka mbali.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni afanye nini na yeye hakusoma. Mtoto akusomee wewe: Biblia, gazeti, hata karatasi ya malipo kutoka chama cha ushirika, nawe umwulize maana yake. Usiku mwingine fungeni vitabu, umwambie "Gwata ndai!" Vijana wakubwa wanapenda vitendawili kuliko wanavyokubali, hasa wakikushinda. Anayetaka kitabu kifupi cha Kiswahili cha kuanzia, ajaribu Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Lugha yake ni ya zamani kidogo, lakini hilo litakuwa sababu ya kuulizana.

Swali la maktaba nimelisikia hata kabla sijasimama. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka maktaba katika majukumu ya serikali za kaunti, na mna haki ya kulileta kwenye vikao vya bajeti. Bajeti si kazi yangu. Kazi yangu ni kuliandika katika jarida hili kama mlivyolisema, na nitaliandika.

Siku Njema tuliimaliza mwezi wa Agosti. Kitabu cha sasa amekichagua yeye: ni cha Kiingereza, kinahusu mchezaji wa kandanda nisiyemjua. Zamu yangu ikifika nasoma hivyo hivyo, naye hunirekebisha majina.