Viini vya Kokwa za Aprikoti: Dawa au Sumu?



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena hapa London, tuliotawanyika baina ya Unguja, Maskati na Toronto. Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nitasema jambo moja tu, nalo limenikaa moyoni kwa kuwa nami nina fungu langu katika lawama yake.

Mnakumbuka kwamba dada yetu marehemu alipoona uvimbe katika titi lake, alikaa miezi saba bila ya kumwona daktari. Miezi hiyo alikuwa akitafuna viini vya kokwa za aprikoti, tunda ambalo jamaa zetu wa Oman hulijua kwa jina la mishmishi. Mfuko wa kwanza nilimpelekea mimi, na nikamwambia ale viini kumi kila siku. Alipokwenda hospitali, saratani ilikuwa imekwisha enea. Sisemi kwamba angepona. Hilo analijua Mungu. Nasema kwamba miezi saba ilipotea.

Sisi tuliotumikia serikali tulizoea kusoma jalada kabla ya kutoa uamuzi. Safari ile sikulisoma. Nimelisoma baadaye, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Ndani ya kiini mna kitu kiitwacho amigdalini, kilichotambuliwa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 1830. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Ernst T. Krebs, mtoto, aliitangaza dawa ya jamii hiyo kwa jina la Laetrile, na baadaye ikaitwa "vitamini B17". Lakini vitamini si hiyo, wala mwili hauihitaji. Mwaka 1980 mcheza sinema Steve McQueen aliifuata Mexico, na akafa hukohuko mwaka uleule. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Mayo Clinic ya Marekani, ambamo wagonjwa 178 walipewa dawa hiyo. Hapana aliyepona, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu ya sayanidi.

Sumu hiyo hutoka pale amigdalini inapovunjika matumboni. Jambo hili lisitushangaze sisi watu wa mwambao. Nani kati yetu hajui mhogo mchungu? Bibi zetu waliumenya, wakauroweka, wakauanika juani ndipo wakautwanga, kwani sumu itokayo humo ni hiyohiyo. Basi wajukuu wa waliokuwa wakiutoa uchungu ule kwa siku kadhaa, leo tunautafuna ugenini tukidhani kwamba uchungu ndio dawa!

Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima akila viini vibichi vidogo zaidi ya vitatu kwa mara moja huenda akavuka kiwango cha salama. Kwa mtoto mdogo hata kimoja huweza kuvuka. Nami nilimwambia dada yangu ale kumi.

Najua wako watakaosema kwamba madaktari nao wanataka fedha, na kwamba dawa zao huangusha nywele. Simlaumu mwenye hofu. Dada yetu hakuwa mjinga. Aliogopa kisu, na aliogopa kutuhangaisha. Sisi tukamsaidia kuogopa, badala ya kumshika mkono tukaenda naye.

Ombi langu ni hili. Yeyote miongoni mwetu atakayeona uvimbe au damu isiyo na sababu, amwambie jamaa mmoja, na jamaa huyo afuatane naye kwa daktari katika wiki ileile. Dua tutaomba, na uji tutampikia. Akiwa anatumia miti shamba, daktari aambiwe bila ya kufichwa. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu amrehemu dada yetu, anisamehe nami, na atuhifadhi sote.