Ufagio na Ulimi: Habari za Mwanafunzi wa Hampton

(Maneno ya mazungumzo kwa wanafunzi wa vyuo)



Kijana amalizapo masomo yake na kwenda kutafuta kazi, huulizwa mambo mawili ambayo hayamo katika cheti chake. La kwanza ni hili: Umewahi kufanya kazi gani? Na la pili: Mbali na masomo, wapenda nini? Wengi huyajibu upesi upesi, kana kwamba ni maswali ya kupitishia wakati tu. Kazi ndogo walizofanya wakati wa likizo huona haya kuzitaja, na mambo wayapendayo huyahesabu kuwa ni mchezo. Mazungumzo haya yahusu mwanafunzi mmoja ambaye hakuona haya kutaja yote mawili. Jina lake ni Booker T. Washington, Mmarekani mweusi, na mengi yanayosimuliwa hapa aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake kiitwacho Up from Slavery, kilichotolewa mwaka 1901.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1856. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 watumwa wakawa huru, na mama yake akawachukua watoto wake hadi mji mdogo wa Malden, katika West Virginia, ambako baba yao wa kambo alikuwa akifanya kazi katika matanuri ya chumvi. Booker naye akatiwa kazini angali mtoto, na mara nyingi kazi ilianza saa kumi ya alfajiri. Mapipa ya baba yake wa kambo yalikuwa na alama ya 18, na kila jioni mkubwa wa kazi alipita akiiandika tarakimu hiyo juu ya kila pipa. Mtoto aliitazama hata akaijua. Herufi hakuzijua, wala tarakimu nyingine yoyote, ila 18 aliitambua kila alipoiona.

Baadaye alipelekwa katika machimbo ya makaa ya mawe, kazi aliyoichukia kwa giza na uchafu wake. Huko shimoni ndiko alikowasikia wachimbaji wawili wakisimulia habari za chuo cha watu weusi kilichoko Virginia, ambako maskini aweza kulipia chakula chake kwa kufanya kazi. Alisogea kwa kunyata gizani ili asikie vema. Chuo hicho ni Hampton, na tangu siku ile hakuwa na wazo jingine.

Lakini kabla ya Hampton palikuwa na kazi moja ambayo yafaa ielezwe kwa urefu kidogo. Mwenye machimbo yale na matanuri ya chumvi, Jenerali Lewis Ruffner, alikuwa na mke jina lake Viola, ambaye sifa yake katika mji mzima ilikuwa ni ukali. Vijana waliokwenda kumtumikia hawakukaa zaidi ya wiki mbili au tatu. Kisha hukimbia, na wote walitoa sababu moja, kwamba Bibi yule hatosheki. Booker alikwenda kwake kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi, naye alikwenda akitetemeka. Haukupita muda mrefu akafahamu ni nini hasa kilichotakiwa. Kila kitu kiwe safi. Kila jambo lifanywe mara moja na kwa taratibu. Na juu ya yote, maneno yawe ya kweli. Hapana ubao wa ua uachwe ukining'inia, wala mlango ulegee bawaba zake.

Ukali wa namna hii una faida yake, kwa kuwa mtumishi ajua tangu asubuhi ni lipi litakalotakiwa jioni. Mkubwa wa kazi anayecheka leo na kung'aka kesho kwa jambo lile lile, huyo ndiye asiyefaa kumfunza kijana. Bibi Ruffner hakuwa hivyo, na kijana alipokwisha kumwelewa, wakawa marafiki. Wakati fulani wa majira ya baridi alimruhusu aende shule saa moja kila siku. Na katika nyumba ile Booker alianza maktaba yake ya kwanza: alichukua sanduku la bidhaa, akang'oa ubao wa upande mmoja, akatia rafu ndani, akapanga humo kila kitabu alichoweza kukipata. Hata alipokuwa mtu mashuhuri alikiri kwamba hawezi kuona vipande vya karatasi vimetawanyika uwanjani asitake kuviokota papo hapo.

Mwaka 1872 alifunga safari kwenda Hampton, mwendo wa maili 500 hivi, na fedha zikamwishia njiani. Katika mji wa Richmond alilala usiku chini ya njia ya mbao waipitayo watu wa miguu, akisikia nyayo zao juu ya kichwa chake. Asubuhi aliona meli ikishusha shehena ya chuma, akaomba kazi ya upakuzi ili apate kula. Akaifanya siku kadhaa, na usiku akaendelea kulala pale pale ili asitumie akiba. Alifika chuoni akiwa na senti 50 mfukoni, nguo zimechakaa, mwili haujaoga.

Mwalimu mkuu wa kike, Bibi Mary Mackie, alimtazama asijue la kumfanya. Hakumkubali wala hakumkataa. Saa zilipita, na wengine wakapokelewa mbele ya macho yake. Mwishowe Bibi Mackie alimwambia kwamba kuna chumba cha darasa kinachotaka kufagiliwa. Achukue ufagio akakifagie. Booker alikifagia mara tatu. Akatwaa kitambaa akapangusa vumbi mara nne: kuta za mbao, meza, viti, madawati, akasogeza kila chombo, akafungua kila kabati na kusafisha kila pembe. Kisha akaenda kutoa habari. Bibi Mackie alikuwa mtu wa Kaskazini aliyejua mahali vumbi linapojificha. Akaikagua sakafu na makabati, akatoa kitambaa chake cha mkono akakisugua ukutani, mezani na madawatini. Hakuona hata chembe. Basi akamwambia kwa upole kwamba huenda akafaa kuingia katika chuo kile.

Hapo ufagio ule ulikuwa mtihani kamili, na mtahiniwa alikuwa amekwisha kujifunza somo lake kwa Bibi Ruffner kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, bila kujua kwamba atatahiniwa. Akapewa kazi ya utunzaji wa vyumba ili alipie chakula na malazi, yaliyogharimu dola 10 kwa mwezi. Vyumba vilikuwa vingi. Ilimpasa kukesha usiku sana, na kuamka saa kumi za alfajiri kuwasha mioto, huku akivizia nafasi ya kutazama masomo yake. Ada ya masomo, dola 70 kwa mwaka, hakuiweza kabisa. Ililipwa na mfadhili aliyetafutwa na mkuu wa chuo, Jenerali Samuel Armstrong. Jambo hili lisisahauliwe na wale wapendao kusimulia kwamba Washington alijisomesha kwa jasho lake peke yake.

Tena mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa angali akidaiwa na chuo dola 16. Wakati wa likizo alifanya kazi katika nyumba ya kulia chakula huko Fortress Monroe, karibu na chuo, lakini mshahara ulizidi kidogo tu gharama ya chakula chake. Katika wiki ya mwisho aliokota chini ya meza noti mpya ya dola 10. Alifurahi mno, lakini kwa kuwa mahali si pake, aliona inafaa kumwonyesha mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye akafurahi sawasawa, akaeleza kwamba pahali ni pake na kwa hiyo fedha ni zake, akaitia mfukoni. Kijana alirudi chuoni na deni lake, akamweleza mtunza hazina hali yake ilivyo, akaruhusiwa kuendelea na masomo na kulipa awezapo. Uaminifu wake haukumletea hata senti moja siku ile, na ni vizuri kwamba aliisimulia habari hiyo bila kuipamba.

Hizo ndizo kazi zake. Lakini Booker alipenda nini?

Alipenda kusema mbele ya watu. Hapo Hampton palikuwa na mwalimu mmoja, Bibi Nathalie Lord, aliyemfundisha kuisoma Biblia kwa kuipenda, na ambaye alipogundua kwamba kijana huyu ana kipawa cha kunena, alimpa mafunzo ya faragha: namna ya kuvuta pumzi, namna ya kukaza neno lipasalo kukazwa, namna ya kutamka kila silabi isikike. Vyama vya majadiliano vilikutana kila Jumamosi jioni, na katika muda wote wa masomo yake Booker hakukosa mkutano hata mmoja. Hakuridhika na hayo. Aliona kwamba baina ya chakula cha jioni na saa ya kujisomea kuna dakika 20 ambazo vijana huzipoteza kwa porojo. Akawakusanya wenziwe wapatao 20 wakaanzisha chama chao kwa ajili ya dakika hizo. Nani kati ya wanafunzi wa leo asiyezijua dakika 20 za namna hiyo?

Alipohitimu mwaka 1875 akarudi Malden kuwa mwalimu, hakuwafundisha watoto kuchana nywele na kupiga mswaki tu, ingawa mambo hayo aliyatilia mkazo. Aliwafungulia watu chumba cha kusomea na chama cha majadiliano. Na umaarufu wake katika nchi nzima, miaka 20 baadaye, haukutoka katika ufagio, bali katika hotuba moja aliyoitoa mjini Atlanta tarehe 18 Septemba 1895, akiwa mkuu wa chuo cha Tuskegee alichokianzisha mwaka 1881. Pumzi na sauti alizojifunza kwa Bibi Lord ndizo zilizosikika siku ile.

Hapa pana jambo linaloihusu Kenya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki kuchungua elimu ya Waafrika. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Tume ilisifu mfano wa Hampton na Tuskegee, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu wa kuzitembelea na kuzitengeneza shule za vijijini. Mahali hapo ndipo palipokuja kuwa chuo cha watumishi wa serikali mwaka 1961. Kazi njema ilifanyika Kabete, katika usafi, kilimo na ustadi wa mikono. Lakini katika kuisimulia habari ya Booker Washington barani Afrika, ufagio ulisifiwa mno na chama cha majadiliano kikasahauliwa. Wazazi wengi wa Kiafrika walinung'unika kwamba watoto wao wapewa jembe wakinyimwa kitabu, na hawakunung'unika bure. Ilionekana kana kwamba Hampton ilimfundisha kijana mweusi kufagia vizuri, basi.

Lawama haimkosi Bwana Washington mwenyewe. Alipozungumza na matajiri weupe waliomchangia fedha, yeye pia alitanguliza mkono na kuuweka ulimi nyuma. Msomi mweusi mwenziwe, W. E. B. Du Bois, alimlaumu waziwazi kwa hayo mwaka 1903, akisema ameachilia elimu ya juu na haki ya kupiga kura. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo kitabu chake chasema wazi kwa kila asomaye kurasa zote: mchana alishika ufagio, na dakika 20 za jioni alisimama mbele ya wenziwe akajifunza kujenga hoja. Aliyemnyima mwanafunzi wa Kiafrika dakika zile asidai kwamba anafuata mfano wake.

Limebaki jambo moja, kwa ajili ya wale wanaokwenda kuanza kazi wakiwa na cheti kipya. Mara alipohitimu Hampton, Booker hakuwa na fedha, akaajiriwa kuwa mtumishi wa mezani katika hoteli ya wakati wa kiangazi huko Connecticut. Mkubwa wa watumishi alidhani amepata mtu hodari, akamkabidhi meza ya matajiri wanne au watano. Kijana aliyehitimu chuo hakujua hata kidogo namna ya kuandalia meza. Wageni walimkaripia vikali, hata akaogopa, akaiacha meza na kwenda zake, nao wakabaki wamekaa bila chakula. Kwa sababu hiyo akashushwa cheo, akawa mbeba vyombo.

Hakuondoka. Alikaa akiwatazama wanaojua, na katika muda wa wiki chache akajifunza kazi ile hata akarudishiwa nafasi yake mezani. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akiandika habari za maisha yake, alitaja kwa furaha kwamba amekwisha kukaa mara kadhaa katika hoteli ile ile, akiwa mgeni.