Lipieni Wazee Bima Kabla ya Kusi

Ndugu zangu wa Kilifi na Malindi mlioko Doha, Muscat, London na Minneapolis, ile simu ya "mzee amelazwa, tumeni pesa" mnaijua nyote. Leo tuzungumze bima.

NHIF, bima ya hospitali ya taifa iliyoanza mwaka 1966, imekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mwajiri wake, basi. Taabu iko kwa mvuvi wa Ngomeni na mgema wa Kaloleni. Hao huulizwa nyumba yao imejengwa kwa nini, maji wanateka wapi, choo ni cha aina gani, kisha wanakadiriwa mchango. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa za mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Kusi likivuma bahari huchafuka, mashua zinavutwa pwani, na samaki wa leo ndiye unga wa leo. 3,600 zitatoka wapi?

Marekani wana Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, tangu 1965. Ile huendeshwa kwa kodi, na maskini akishathibitisha kipato chake ni kidogo, kwa kawaida hadaiwi mchango. Kwetu anayeongoza SHA, Dkt. Mercy Mwangangi, yule tuliyemzoea kwenye taarifa za korona mwaka 2020, ana mzigo mwingine: kukusanya kwa watu wasio na tarehe ya mshahara. Kazi hiyo haitaki hesabu peke yake. Inataka mtu anayejua pesa ya pwani huingia msimu gani. Mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipia mchango kidogo kidogo, umesaidia kiasi. Mpango wa serikali wa 2025 wa kuwalipia wasiojiweza milioni 2.2 naupenda zaidi, kwa sababu fukara hakopeshwi afya.

Sasa sikilizeni vizuri. Baba na mama hawaingii kwenye bima yako ya SHA. Wao ni kaya yao. Wakishajisajili kwa *147#, zahanati na kituo cha afya huwatibu bila malipo. Lakini kulazwa hospitali ya Malindi au Kilifi kunataka mchango uwe umelipwa.

Basi pigeni simu nyumbani wiki hii. Ulizeni kama wamesajiliwa na wamekadiriwa ngapi, kisha lipeni mwaka mzima wakiwa bado wazima.